Siwatu Hataki Jina Lingine

Fundi wetu wa cherehani anaitwa Siwatu, yaani hao si watu. Jina alipewa na mama yake. Mama huyo alipofiwa na mume, mashemeji walimfukuza nyumbani na mimba yake pevu, akajifungulia stoo ya mkaa. Hakuwa na pa kushtaki, basi akampa mtoto jina ambalo wangelisikia kila akiitwa.

Juzi nimekaa pale nangoja suruali yangu, akaingia baba yake mdogo, mzee kama mimi, na fomu ya kubadili jina.

"Mwanangu, saini hapa. Wajukuu wanauliza jina hili limetoka wapi. Tunaaibika."

Siwatu akasimamisha cherehani. "Na wewe umewajibu nini, baba mdogo?"

"Ah, mambo ya zamani hayo, mama."

"Mama yangu alizaa juu ya magunia, na ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwako! Waite uwaambie hivyo hivyo, mbele yangu. Ukimaliza, nipe kalamu."

Mzee akanitazama kama vile nitamtetea. Sijapigana tangu utotoni, lakini siku hiyo mkono uliniwasha. Akaikunja fomu, akatoka bila kuaga.

Hao wajukuu hajawaita mpaka leo.