Ukuta Uliopona

Juzi fundi rangi alikuja kwangu Ipagala, akazitazama nyufa nyembamba za lipu ya nje, akasema rangi itazimeza. Nikamwambia amwage maji ukutani kwanza, kisha asubiri. Alidhani ninatania. Lipu ikilowa, uso wake hukauka upesi kwa huu upepo wetu wa Dodoma unaoujua, lakini ufa hubaki na maji ndani. Utauona umejichora mweusi, hata ule ambao jicho halikuuona. Vitabu vya ujenzi nimesoma vingi ukubwani, ila hilo nilifundishwa na shangazi yangu.

Tulikuwa tukikaa Chang'ombe ya hukuhuku Dodoma, miaka ile ya ruksa, saruji ilipoacha kuwa kitu cha kibali ikaanza kuuzwa madukani hata kwa kopo. Baba alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kuipiga lipu mwenyewe, katikati ya kiangazi. Maji ya kumwagilia hayakutosha. Upepo ukaikausha lipu kabla haijashika, ikajaa nyufa. Muda si mrefu baba akafariki. Shangazi, dada yake mkubwa, akatamka mbele ya ukoo kwamba mama angebaki pale na watoto wake kwa sharti la kuutunza ukuta wa marehemu. Siku atakayouona ufa, alisema, nyumba itakuwa imemkataa mwanamke.

Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, tulitibu ukuta. Mama alikuwa na utaratibu wake na hakuruka hatua. Aliupanua ufa kidogo kwa ncha ya msumari, akaufagia vumbi kwa unyoya wa kuku, akaulowesha. Halafu alikoroga uji wa saruji na mchanga wa korongo tuliouchekecha kwa kitambaa, akausukumiza ndani kwa kidole, akasugua juu kwa kipande cha gunia. Kazi yetu watoto ilikuwa kuning'iniza magunia mabichi juu ya viraka na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni yasikauke. Ninakumbuka harufu ya gunia bichi, na bomba la mtaa likikohoa hewa kabla ya kutoa maji. Saruji ilimla mama vidole. Jioni, mbele ya ugali wa uwele na mlenda, chumvi ilimchoma hata akashindwa kutowea, tukawa tunamtengenezea matonge.

Kila mwaka shangazi alikuja bila kutuma salamu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama ukuta. Hakuingia ndani. Aliagiza maji, yale yale tuliyoyapangia foleni tangu alfajiri. Mwaka wa kwanza mama alithubutu kumwambia kwamba hayo ni ya watoto kunywa.

"Ukuta ukiwa mzima, wifi, watakunywa sifa zako."

Shangazi akamwaga ndoo nzima, kisha akaketi kwenye kigoda kungoja ukauke. Jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akikaanga karanga barazani kwake, alimnong'oneza mama kwamba wifi yake anakagua nyumba kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Mama hakucheka. Mwaka ule shangazi aliuona ufa chini ya dirisha, mfupi kama kijiti cha kiberiti. Akamwita mama, akamshika mkono, akamburuzia kidole chenye kidonda juu ya ule ufa, toka mwanzo hadi mwisho.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wewe wa kujenga naye amekufa."

Akatuacha tukae, kwa onyo.

Baadaye ukaja mwaka ambao ukuta ulikauka wote sawasawa. Shangazi aliizunguka nyumba akipitisha ukucha, hakukwama mahali. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tumeshaanza kuchekeana. Mama alisimama ameficha mikono ndani ya khanga.

"Umeuponya kweli," shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa laini. "Sasa hii ni nyumba ya kupangisha. Kuna bwana wa ofisini kahamia huku, anatafuta nyumba isiyo na ufa. Mwisho wa mwezi mtafute pa kwenda."

"Wifi, ulisema nikiutunza nitakaa."

"Nilisema ufa utakutoa. Sikusema uzima utakubakiza."

Akaomba maji ya kunywa. Mama akampa, kwa mikono miwili kama ilivyo desturi.

Tulihamia chumba cha udongo, pembezoni mwa mtaa uleule. Kilikuwa na ufa unaopitisha kiganja. Wiki ya kwanza nilikanda udongo na majani makavu, nikapanda juu ya ndoo niuzibe. Mama akaupokea ule udongo mikononi mwangu, akautupa nje.

"Acha. Nyumba mbovu haina ndugu."

Siku hizi dawa ya nyufa inauzwa kwenye mikebe, na hakuna anayechekecha mchanga kwa kitambaa. Hilo silililii. Kilichopotea ni ule mkono wa mama, uliokuwa ukikiona kitu kimeharibika ukakifuata kabla hajaambiwa. Tangu tuhame hakushona hata kikapu kilichotoboka. Kipupwe kilipoingia, upepo ulipenya kwenye ule ufa usiku kucha. Mama alisogeza mkeka wetu upande wa pili, akauacha.