Chakula Ambacho Mama Aliona Haya Kukitaja

Jumamosi asubuhi, katika mkahawa mdogo wa mtaa wa Balsall Heath, huku ughaibuni, mama mmoja Msomali aliyekulia Mombasa alisimama mbele yangu kwenye kaunta akiionyesha kwa kidole picha ukutani. Ilikuwa chapati laini iliyokunjwa, ndani yake mayai, viazi na pilipili.

"Nipe hiyo," alimwambia mhudumu, binti Mkenya.

"Taco? Sema tu jina, mama. Hapa hakuna anayeelewa Kiswahili."

"Wewe si umeelewa?" alijibu, akijiziba mdomo kwa mtandio. Taco hutamkwa "tako", na kwa Kiswahili, tako ni la kukalia, si la kula.

Tulicheka sote watatu. Kisha akaketi karibu nami, akala polepole, macho kayafumba.

"Mwanangu yuko Texas," akaniambia. "Hii ndiyo chai yake ya asubuhi. Nilitaka kujua anakula nini."

"Ni tamu?"

"Tamu sana. Nitajifunza kuipika, akija aikute."

"Anakuja lini?"

Akapangusa makombo mezani. "Hilo simuulizi tena."

Kesho yake nikajipikia taco nyumbani. Zilitoka vizuri ajabu. Nikainua ya kwanza, nikasema "karibu" kama tulivyofunzwa, kabla ya kukumbuka kwamba jikoni nilikuwa peke yangu.