Sindano Iliyochomwa Mbali na Jipu

Raudha hakuamini gunia lililofungwa. Mchele ulipoletwa dukani kwake Kyela mjini, hata na mtu aliyemjua tangu utotoni, aliuzamishia mkono mpaka kwenye kiwiko na kuchota wa chini kabisa, aone kama juu wamempambia mpya na chini wamemfichia wa zamani. Siku moja mkono ulitoka na kijiti kimezama chini ya ukucha wa kidole cha shahada. Alikichomoa, akaendelea na kazi. Kidole hakikusahau. Kilivimba, kikaiva usaha, kikawa kinapwita usiku kucha.

"Hicho cha kupasuliwa, mama Sabrina," alisema Naomi, mkulima wa kokoa kutoka Ngana, rafiki yake wa miaka mingi. "Watakuchoma ganzi, wala hutasikia maumivu."

"Ganzi!" Raudha aliguna. Zamani aling'olewa jino lenye usaha, akachomwa hiyo ganzi, na bado alipiga mayowe mpaka wapita njia wakasimama. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa kichwani kwamba dawa yenyewe huuzwa mlango wa nyuma, na wagonjwa wakadungwa maji.

Naomi alimkokota hivyo hivyo hadi kituo cha afya. Tabibu alikuwa kijana mpole aitwaye Hezroni. Alimwamkia, na kabla hajasema la pili Raudha akadai:

"Nionyeshe hicho kichupa."

Akapewa. Akakigeuza, akasoma tarehe, akakagua kizibo kama kimeshatobolewa. Hakikutobolewa, na hilo halikumfurahisha.

Hezroni alivuta dawa, akaelekeza sindano kwenye shina la kidole. Raudha akauvuta nyuma mkono wake.

"Mimi naumwa kwenye ncha, wewe unachoma huku? Umeniona mjinga?"

"Mama, nikiichoma kwenye usaha utapiga kelele bure. Nyama yenye usaha ina uchachu, na dawa hii kwenye uchachu haipenyi vizuri kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo maana naiweka kwenye nyama nzima, pande zote mbili, inakopita mishipa ya kidole. Huko kwenye ncha nitakata, lakini habari ya maumivu haitafika kichwani. Kama pale mpakani Kasumulu geti likifungwa: malori yapo, ila hayavuki."

Raudha alimtazama kama anavyowatazama wauza mchele.

"Na jino lenye usaha?"

"Nalo ni hivyo hivyo. Mara nyingine ganzi inagoma."

Jibu lilikuwa jepesi mno, akazidi kuwa na wasiwasi. Lakini kidole kilimshinda, akarudisha mkono. Dawa iliwasha ilipoingia. Wakasubiri, kisha Hezroni akajaribu kwa ncha ya sindano.

"Unasikia?"

"Nasikia! Nilijua tu, haijashika!"

"Inauma, au nakugusa?"

Raudha akakisikiliza kidole. Aliguswa tu. Hezroni alipopasua, Raudha hakugeuza uso hata kidogo. Aliuona usaha ukitoka, akauona wembe, na mwilini mwake akasikia kusukumwa tu, kama mtu anayebonyezwa juu ya nguo nene.

Aliambiwa asisogelee jiko mpaka ganzi iishe, maana angeungua asijue. Dukani ikaanza shaka nyingine. Alikifinya kidole, akakifinya tena, wapi!

"Naomi, wamekiua kidole changu."

"Kitaamka, bwana wee."

"Na kisipoamka?"

Hakuuza kitu mchana ule. Akiwa anatandika mkeka kwa sala ya alasiri, kidole kilimchoma ghafla, kikaanza kupwita. Raudha akakaa chini, machozi yakimlengalenga, akicheka.

"Kinauma, Naomi! Alhamdulillahi, kinauma!"

Kesho yake alirudi kufungwa bandeji mpya. "Ndaga fijo, mwanangu," alimshukuru Hezroni kwa Kinyakyusa, na kijana akatabasamu. Kisha Raudha akauficha mkono wenye kidonda kifuani na kumuuliza kama mkasi wa kukatia bandeji umechemshwa.