Nyanya Alitubu kwa Mayai Niliyoyapika Mimi

Kosa ni langu, na aliyelitubia ni nyanya yangu. Yeye nimeshindwa kumwambia, wacha niwaambie ninyi.

Mimi huunda mashine za kuangua mayai hapa Nyamarambe. Ya kwanza nilimpa nyanya, akaijaza mayai ya kuku wake na ya majirani. Programu ya kuwasha na kuzima joto niliiandika mwenyewe, na jamani, nilivyoringa!

Kipima joto kilileta namba yenye desimali. Kikomo cha joto nikakiandika kwa namba nzima. Kila zikilinganishwa, ile namba nzima inatengenezewa kwanza nakala yenye desimali, na nakala inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Tena nilikuwa nimezima usafishaji wa kumbukumbu, ule unaofuta nakala zilizokwisha kazi, ili programu ikimbie. Rafiki niliyesoma naye alinionya: "Hiyo kumbukumbu ni ndogo, bro. Andika zote kwa desimali." Nikamcheka. Kwani nakala ya namba ina uzito gani?

Siku za kazi shida haikuonekana, kwa sababu nyanya huizima asubuhi na jioni ageuze mayai, na ikizimwa kumbukumbu inafutika. Lakini sisi ni Wasabato, hatugusi kazi tangu Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi jua likitua. Ijumaa jioni aliniuliza, "Na kesho nisipoigusa?"

"Mashine haina dini, nyanya. Itajifanyia kazi yenyewe."

Ilifanya mpaka kumbukumbu ikajaa, programu ikaganda joto likiwa limewaka, lisizimike tena. Jumamosi jua lilipotua nyanya alifungua mlango. Mayai yalikuwa yameiva.

Nilijua mara moja ni nini. Nikanyamaza, maana kuna watu wa Birongo walikuwa wameshaagiza mashine kama hiyo.

Nyanya akasema Mungu amemwadhibu kwa kuacha kitu kimfanyie kazi siku ya Sabato. Sabato iliyofuata alisimama kanisani, akaomba msamaha mbele ya majirani wenye mayai. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikasema amina na wengine.

Programu nimeirekebisha, kazi ya dakika chache tu. Mashine yake ameifunika na leso, hataki kuiona. Juzi ameniita jikoni, akanishika mkono: "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimekuharibia jina."

Nikamwambia nimemsamehe.

Ninyi mnaoandika programu, msidharau kitu kidogo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ukingoja utajikuta kama mimi, unamsamehe mtu kwa kosa lako.