Sensa ya Mama Tusa

Chekeni tu, ni haki yenu. Juzi nilikuwa bingwa wa Tukuyu kwa nusu saa nzima.

Mama Tusa, mfanyabiashara wa ndizi, alileta gereji kigari chake cha mtumba, mojawapo ya magari haya yanayomiminika kutoka Japani siku hizi. Taa ya maji ya kuoshea kioo ilikuwa inawaka, haizimiki. Wenzangu walishashindwa, wakanawa mikono. Mimi nikagonga dashibodi, nikapapasa nyaya, nikatamka kama daktari: "Sensa imekufa." Nikakata waya wake. Taa ikazimika! Gereji nzima ikashangilia.

"Ndaga fijo, fundi! Asante sana!" Mama Tusa akanipa mkungu wa ndizi.

Tukaenda kulijaribu gari, yeye kwenye usukani, mimi kando nikijisifu. Tulipofika Kyimo, lori la chai likaturushia tope kioo kizima.

"Bonyeza hapo, mama, maji yatoke."

Akabonyeza. Hakuna. Akasimamisha gari, akafungua boneti na kufunua tanki. Pakavu! Huku kwetu mvua ndiyo huosha vioo. Kuangalia maji sikuwaza kabisa.

Akanigeukia taratibu. "Fundi, sensa haikufa. Ilikuwa na kiu."