Krismasi ya Kungoja Kaseti

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, muuza ndoo na mabeseni kwa jumla Kariakoo, na alikuwa na ugonjwa wa gemu. Nasema bila kumsitiri kwa sababu yeye mwenyewe alijisitiri vya kutosha. Wateja waliomkuta akimlalamikia kipa walidhani anazungumzia mechi ya Jumapili. Mimi peke yangu nilijua kwamba kipa huyo anaishi ndani ya tivii yetu, hana shingo, na hukimbia bila miguu kugusa majani.

Mashine ile ya gemu aliinunua miaka ile Kariakoo ilipoanza kufurika vitu. Maduka ambayo nilipokuwa mtoto mchanga yalikuwa na rafu tupu sasa yalimwaga bidhaa hadi barazani: redio, feni, saa za ukutani zinazolia kama ndege. Mama alikuwa amefariki nikiwa na miaka minane, na nyumbani, nyuma ya duka, tulibaki wawili, mimi na baba, watu wasiojua waambiane nini. Mashine ilikuja na rimoti mbili zenye waya na kaseti mbili, moja ya mpira, nyingine ya vifaru. Kila jioni baada ya kufunga duka tulikaa chini kwenye mkeka tukacheza mechi mbili kabla ya chakula. Nilimfunga, akanifunga, tukagombana, na katika kugombana huko ndipo tulipoanza kuzungumza. Naweza kusema wazi kwamba kaseti ile ya mpira ndiyo iliyonirudishia baba.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, habari ikazagaa mtaani kwamba kuna kaseti mpya ya mpira inakuja. Watoto wote wa mtaa wetu walikuwa wanaijua kabla hajaiona hata mmoja. Ina refa, walisema. Refa anatoa kadi nyekundu. Mvua inanyesha na mchezaji anateleza. Mashabiki wanashangilia kama uwanjani kweli. Jirani yetu mwenye duka la redio na tivii alibandika picha ya jalada lake kwenye kioo, na baba akawa anapita pale mara nne kwa siku akijidai anaomba chenji.

Jirani huyo alikuwa Mhindu, mzaliwa wa palepale Kariakoo. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko cha baba, ambaye baada ya miaka ishirini ya Dar bado aliongea kama ameshuka kutoka Moshi asubuhi ileile. Kila siku akishafungua duka aliwasha udi mbele ya picha ya mungu wake yenye shada la maua, kisha akaja kwetu kunywa chai ya maziwa. Alimwita baba Mangi, kama wanavyoitwa Wachaga wote wenye maduka mjini.

"Mangi, mzigo unatoka Dubai kwa shemeji yangu," alimwambia. "Zinakuja chache. Anayetaka aweke nafasi mapema."

Kuweka nafasi kwake kulikuwa na utaratibu wake. Hakupokea pesa ya mbele; alisema inavunja ujirani. Badala yake ulimwachia kaseti yako ya zamani. Aliipanga nyuma ya kioo kwenye rafu, kwa mstari, kila moja na karatasi yenye namba, na mzigo ukifika, mwenye kaseti ya kwanza ndiye angehudumiwa kwanza. Aliyeacha kaseti yake, alisema, lazima arudi.

Siku hiyohiyo baba alirudi nyumbani ameinua mabega.

"Nimepata nafasi mbili," alisema. "Namba tatu na namba nne."

"Mbili za nini?"

"Yangu na yako."

Nikatazama juu ya tivii, mahali kaseti zetu zinapokaa. Palikuwa na vumbi tu, na ndani ya vumbi alama mbili safi.

"Baba, umepeleka zote?"

"Ndiyo."

"Sasa sisi tutacheza nini?"

Aligeuka akaitazama mashine. Mtu huyu angeweza kukwambia bila kuandika popote ni ndoo ngapi zinajaa kwenye Fuso, lakini jambo hilo halikumpitia akilini hata kidogo. Na mimi, ambaye sikuumbiwa subira, nilipandwa na hasira nikamwambia maneno ambayo mtoto wa siku zile hakupaswa kumwambia baba yake. Kisha nikamwambia akaichukue moja.

"Nikiitoa, nafasi imeenda," alisema. "Foleni haichezewi."

Kilichoniuma si kaseti. Januari nilikuwa naenda shule ya bweni ya kanisa, huko kaskazini, na miezi ile mitatu ndiyo iliyokuwa imebaki ya kukaa naye kwenye mkeka. Baba naye alijua. Ndiyo maana alikimbilia nafasi: alitaka tuicheze hiyo mpya, mimi na yeye, kabla sijapanda basi. Kwa haraka yake akawa ameturudisha kwenye ukimya wetu wa zamani.

Wiki ya kwanza tulikaa mbele ya mashine kama watu waliofiwa. Wiki ya pili baba alikuja na mfuko wa vizibo vya soda aliouomba kwa mama muuza vinywaji. Akatandaza karatasi ya kufungashia mabeseni mezani, akachora uwanja kwa makaa, akapanga vizibo vyekundu upande mmoja na vya kijani upande mwingine. Mpira ulikuwa punje ya mbaazi. Vyekundu ni Msimbazi, akasema, vya kijani ni Jangwani, na kila timu inapiga mara moja kwa kidole. Kisha akabana pua na kuanza kutangaza kama mtangazaji wa redio. Sikuwahi kujua baba anaweza kufanya vile. Nilikuwa nimeibana mbaazi kwa meno, nikacheka hadi nikaimeza, na mechi ikasimama wakati anatafuta nyingine jikoni.

Jirani alisema mzigo utafika kabla ya Diwali, sikukuu yao. Diwali ikafika, akatuletea boksi la peremende za maziwa pamoja na salamu za shemeji kwamba mzigo uko melini. Basi ikawa kabla ya Krismasi. Mimi na baba tukaendelea na vizibo.

Jioni moja, akiwa amenifunga mabao manne, nikamuuliza ni kitu gani hasa kilichomfanya apeleke zote mbili.

"Wewe umezaliwa wakati wa shida," alisema. "Sukari hakuna, sabuni hakuna. Ukisikia duka la ushirika limepata mzigo, unaacha kikapu chako kwenye foleni, unaenda kufanya mambo mengine, unarudi. Mama yako alikuwa anaacha vikapu viwili. Kikubwa cha kwake, kidogo cha kwako. Ulikuwa una miezi sita. Wenzake wanamfokea, mtoto gani anapanga foleni? Anawajibu, huyu naye anakula."

Akapuliza vumbi la makaa lililokuwa kwenye uwanja.

"Sijazoea kukuwekea nafasi, mwanangu. Alikuwa anaweka yeye. Nilipofika pale dukani nikasema leo sitaweka ya kwangu peke yake."

Hapo nikaelewa kosa lake. Kikapu cha mama kilikuwa kitupu. Ukikiacha kwenye foleni hupotezi kitu. Baba alipanga foleni kwa mazoea ya miaka ya vikapu vitupu, akasahau kwamba sasa tuna vitu ndani yake. Hasira yangu ya siku ya kwanza ilinitoka yote. Nilitaka kumkumbatia ila kwetu hatukuwa na desturi hiyo, nikamwambia zamu yake ya kupiga.

Anayewajua watu wa Kilimanjaro anajua kwamba Desemba ikiiva, nusu nzima ya Kariakoo inafunga makufuli na kwenda nyumbani. Asiyeenda anaumwa au amefilisika. Baba hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Mwaka ule alikaa, maana kaseti ingeweza kufika siku yoyote na jirani alikuwa ameshasema namba ikiitwa mwenyewe hayupo anahudumiwa anayefuata.

Baba mdogo alipiga simu ya dukani kutoka Moshi.

"Kaka, mbona kimya? Mnakuja lini?"

"Nasubiri mzigo bandarini."

"Mzigo gani huo mpaka Krismasi?"

"Mzigo, bwana," alisema baba, akakata.

Mzee wa kanisa hakuwa amesema uongo. Tuliila Krismasi wenyewe, mtaa ukiwa mtupu kiasi kwamba tulisikia kengele za kanisa la mbali. Alasiri jirani alikuja na mkewe na sambusa za viazi, akakaa kutazama mechi yetu ya vizibo, na akaomba kuwa refa. Kaseti haikuja.

Januari nikapanda basi. Baba alininunulia mkate na soda kwa safari, akaniwekea kizibo chake mkononi, chekundu, nahodha wa Msimbazi. Nilimwona amesimama pale stendi mikono mfukoni, na nikalia kuanzia Ubungo mpaka Chalinze bila kujali aliyekaa karibu yangu anafikiri nini.

Mwezi wa pili shangazi yangu wa Moshi alikuja shuleni siku ya kutembelewa na kifurushi kilichotumwa kwa kondakta kutoka Dar. Matroni alikifungua mbele yangu, kama ilivyo sheria. Karanga, sukari, sabuni ya kipande, halafu kitu cha plastiki kilichofungwa kwenye nailoni inayong'aa. Akakigeuza huku na huku.

"Hii betri ya nini?"

"Ni ya mpira, matroni."

Akaitikisa karibu na sikio, akaona haina hatari, akaniachia. Barua ilikuwa fupi. *Mwanangu, mzigo umefika. Yako hii hapa. Yangu ninayo. Soma kwa bidii.* Shule yetu haikuwa na tivii, na umeme ulikuja ukitaka. Baba alikuwa amenitumia kaseti mahali ambapo hapakuwa na pa kuichomeka, kwa sababu ilikuwa nafasi yangu na nafasi yangu ilikuwa imefika. Niliiweka chini ya mashuka ndani ya tranka bila kuichana nailoni, na siku nilizokumbuka nyumbani niliitoa nikainusa. Usiku nililala na ile barua chini ya mto.

Likizo ya Juni nilishuka basi, nikakimbilia dukani, nikamsalimia baba shikamoo na kumuuliza gemu jipya likoje kabla hajaitikia vizuri.

"Marahaba. Sijacheza," alisema.

"Miezi yote hii?"

"Ningecheza na nani?"

Tulipoingia nyumbani, kaseti yake ilikuwa juu ya tivii, ndani ya nailoni, na hapakuwa na vumbi. Tukakaa kwenye mkeka. Akaichana nailoni taratibu, akaipuliza kaseti chini kama tulivyokuwa tukifanya, akaichomeka. Muziki ukaanza. Nikautambua. Wakatoka wale watu wadogo, wasio na shingo, miguu haigusi majani. Hakuna refa. Hakuna mvua. Kipa yuleyule akaruka upande uleule usio na mpira.

"Leta yako," baba alisema.

Ya kwangu ilikuwa hivyohivyo. Gemu letu la zamani, limevalishwa jalada jipya.

Baba alianza kucheka kimya kimya, mabega yakicheza, mpaka akajilaza kwenye mkeka. Ndipo jirani akachungulia mlangoni. Alikuwa amesikia muziki.

"Mmejua leo?" alisema. "Wenzenu wote walirudi wiki ileile wakinifokea. Nilikuja hapa kumwambia Mangi, akaziba masikio. Akasema, usinieleze kitu chochote kuhusu hiyo kaseti, jirani, nasubiri mwanangu." Akatoa kwenye mfuko kaseti zetu mbili za zamani, ambazo baba hakuwa amerudi kuzichukua, bado zina karatasi za namba tatu na namba nne. "Samahani sana, Mangi. Chukua hizi, unirudishie hizo mpya nimpelekee shemeji akaone aibu."

Baba alikaa, akafuta macho. Akamkabidhi jirani ile ya kwake. Jirani akanyoosha mkono kuipokea ya pili, na baba akairudisha nyuma ya mgongo wake.

"Hii hapana."

"Mangi, si ni ileile tu?"

"Ni ya mtoto," alisema baba. "Alipanga foleni."