Koti Lenye Bitana ya Kanga

Nianze na aibu yenyewe ili tuimalize mapema: mie niliwahi kuvua koti mbele ya wakwe, jua linawaka, watu wazima wamekaa barazani na vikombe vya kahawa mikononi, nikabaki na shati lenye tundu mgongoni la ukubwa wa pasi, na kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza kusimulia sipendi kukatizwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vimekwisha zamani kidogo, mie karani kijana katika ghala moja la bandarini, nimepanga chumba Temeke, na nina maradhi ya kuandika. Kila jioni nikirudi kazini nafungua daftari naandika kilichonifurahisha na kilichoniudhi siku ile (kilichoniudhi ndicho kilichomaliza wino). Daftari lenyewe ninalo mpaka leo, na wiki ile ya mkasa imeandikwa hivi, sikuongeza neno:

Jumatatu. Jirani kaleta gramafoni. Sahani anayo moja tu. Kaipiga mara kumi na tisa.

Jumanne. Bombani foleni imefika kwa muuza mkaa. Mama mmoja kaweka jiwe limshikie nafasi, na jiwe limechota maji kabla yangu.

Jumatano. Nimekwenda sinema mjini. Mbele yangu kakaa bwana mwenye tarbushi. Nimeona kichwa cha farasi kulia na mkia kushoto, katikati tarbushi.

Alhamisi. Mbuzi wa mama mwenye nyumba kala koti langu mkono wa kushoto mpaka kiwiko. Nimemshitaki. Mama kaniambia, "Mbuzi hana kosa, mwanangu, uliianika chini hiyo nguo."

Ijumaa. Shati nalo limeungua na pasi, mgongoni. Nilikuwa nasikiliza ile sahani ya jirani.

Sasa hayo yote ningeyavumilia, lakini Jumamosi ile ndiyo niliyokuwa nimeingojea miezi mitatu. Nilikuwa nimemposa binti mmoja wa Mtoni, jina lake Zuhura, niliyemwona shughulini mara mbili tu na tangu hapo usingizi ukaota mbawa. Maneno yote alikuwa akiyapeleka mshenga wangu, Mzee Shomari, kwa kuwa mwoaji hajipeleki mwenyewe, na posa ilikuwa imepokewa vizuri, limebaki jambo moja: baba wa binti, Mzee Kondo, ambaye sijapata kumtia machoni, alitaka kuniona kwanza. Jumamosi, baada ya alasiri. Akinipenda nimeoa, akinikataa ndiyo basi, niendelee kuishi na mbuzi. Na mie koti lina mkono mmoja.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikaenda kwa Selemani, dobi wa mtaani kwetu.

Nyie wa siku hizi mna makabati. Enzi zile kabati la mtaa mzima lilikuwa kwa dobi, na dobi mwenye akili alijua kwamba suti iliyoletwa Jumatatu inaweza kwenda kucheza dansi Jumamosi, ikarudi, ikafuliwa, ikapigwa pasi, na mwenyewe akaja kuichukua Jumanne akashukuru kwa kazi nzuri. Kila mtu alijua na kila mtu alijifanya hajui, mpaka siku akiiona suruali yake inapita barabarani bila yeye. Selemani hakunitoza kitu kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa namwandikia barua zake za kwao Kilwa. Akanitolea koti la rangi ya maziwa, limenyooka, vifungo vya pembe, wallahi nilipolivaa nikahisi nimepandishwa cheo.

"Mwenyewe nani?" nikamuuliza.

"Mtu mzima mmoja. Analivaa Idi mpaka Idi," akasema. "Leo Idi?"

"Si Idi."

"Basi wasiwasi wa nini?"

Ndani lilikuwa na bitana ya kanga, nyekundu, imechorwa mikorosho mikubwa mikubwa, nikacheka kidogo, nikafunga vifungo. Tundu la shati likafichika, mbuzi nikamsamehe. Saa ya kukutana na Mzee Shomari ilikuwa bado, na mtu akivaa koti kama lile kisha akakaa chumbani amelidhulumu, nikasema nipite uwanjani kwenye mpira nionekane kidogo.

Nikaonekana. Nikasimama pembeni ya uwanja mkono mmoja mfukoni, wenzangu wa bandarini wananizunguka, mmoja anagusa mkono wa koti, mwingine ananiuliza fundi nani, na mie (Mungu anisamehe) nikamjibu kwamba fundi mwenyewe yuko Zanzibar. Sijamaliza kusema Zanzibar nikahisi nimeshikwa ukosi kwa nyuma.

Nikageuka. Mzee mfupi, mwenye kofia ya viua na ndevu zilizochongwa vizuri.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Vua koti langu."

Watu wakageuka. Mzee hakupiga kelele, alisema polepole kama anayemwelekeza mgeni njia. "Lifungueni. Ndani kuna bitana ya kanga ya mke wangu, nyekundu, ina mikorosho. Fundi aliishiwa kitambaa, mke wangu akatoa upande mmoja wa kanga yake. Ninakwenda kwa dobi kulichukua, nalikuta linatazama mpira."

Mtu akanifungua kifungo, mikorosho hiyo ikatoka nje. Nyuma huko sauti ikasema, "Mwizi!" Sasa nyie mnajua neno hilo likitamkwa uwanjani Jumamosi linafanya nini. Mpira ukasimama, wachezaji wakaja kutazama, golikipa naye akaacha goli lake akaja mbio asije akakosa nafasi ya mbele. Niliogopa, sifichi. Na katika hofu ile ndipo likanijia wazo ambalo wakati ule nililiona la kiakili kuliko yote niliyowahi kuwaza.

"Mzee wangu," nikasema, "wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

"Mzaramo kweli?"

"Mzaramo baba na mama. Inakuhusu nini?"

"Basi mie Mnyamwezi!" nikapaza sauti. "Mnyamwezi wa Tabora! Koti sikuliiba, nimelitwaa kwa utani!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Maana sie Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani, na mtani akikichukua kitu chako hadharani huruhusiwi kukasirika, ukikasirika aibu ni yako, kazi yako ni kucheka na kungoja siku na wewe umchukulie chake. Waliokuwa wakisema mwizi sasa wakawa wanapiga makofi. "Mzee umepatikana!" "Mtani kakuvika uchi leo!"

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mie nikishachekewa sijizuii, hilo ndilo tatizo langu. Nikasema Mzaramo na koti wapi na wapi, koti la nini kwa mtu anayekwenda kukwea mnazi. Watu wakaanguka. Nikaona haitoshi, nikaunyoosha mkono nikamvua mzee kofia yake ya viua, nikaivaa mie, nikawaambia watu, "Na hii naichukua pia, maana kichwa chenyewe hiki ndani hamna kitu cha kufunikwa!"

Mzee akacheka. Alicheka kwa meno, macho hayakushiriki. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Haya, mtani. Kavae." Akaondoka kichwa wazi kuelekea kwa dobi, na baadaye nilisikia kwamba Selemani alitokea dirishani.

Mie huyo, nikamfuata Mzee Shomari, ambaye hakuwapo uwanjani. Akanizunguka mara mbili, akanisifu. "Leo umekuwa mtu," akasema. "Na kofia pia! Mzee Kondo anapenda sana kijana anayejiheshimu." Tukaenda Mtoni kwa miguu, mie natembea mbali na vumbi.

Mwenye nyumba hatukumkuta. Tukaambiwa katoka kidogo anarudi, tukakaribishwa barazani, wapo na wazee wawili majirani, kahawa ikaletwa. Kisha mama wa binti akatoka mlangoni kutukaribisha, mama mpole, kajifunga kanga moja na nyingine kajitanda. Nikamwamkia kwa adabu zangu zote, nikainua macho, na ile aliyojitanda ilikuwa nyekundu, ina mikorosho.

Wenzangu, kanga inauzwa doti, pande mbili zinazofanana. Upande mmoja ulikuwa pale mlangoni. Wa pili nilikuwa nimeukalia.

Nikaanza kufunga vifungo. Nilifunga vyote, mpaka kile cha juu ambacho hakuna mtu anayekifunga, nikaukunja ukosi kwa ndani, nikaweka mikono miwili kifuani. Ilikuwa mwezi wa kaskazi, joto la kukausha chumvi, jasho linanitiririka mpaka kwenye kahawa.

"Mwanangu," mama akasema, "vua koti upate hewa."

"Nasikia baridi, mama."

"Baridi?" Akamtazama Mzee Shomari. "Mtoto ana homa huyu! Mmemtembeza na homa kutoka Temeke?"

Mzee Shomari akanigusa shingo, akaona jasho, akathibitisha kwamba ni homa. Mie nikasema kwa sauti ndogo ni kweli, homa, labda twende tu tutarudi siku nyingine. Nikainuka, wazee wale wawili wakanikalisha. Na yule mama, Mungu amrehemu kwa huruma yake, akajitandua kanga yake, akaja akanifunika mabegani, akaikaza vizuri shingoni. Kwa hiyo doti ikakutana, upande mmoja ndani ya koti na mmoja nje, na mie katikati, nimevaa kofia ya viua, natetemeka kweli sasa.

Ndivyo alivyonikuta Mzee Kondo. Aliingia kichwa wazi, akasimama. Akaitazama kofia. Akalitazama koti. Akaitazama kanga ya mkewe, kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Mtani," akasema, "kumbe hukutosheka. Umefuata na upande wa pili."

Mzee Shomari akaanza kucheka akidhani ni maneno ya kukaribishana, akaona hacheki mwingine, akanyamaza. Mzee Kondo akawasimulia wote kilichotokea uwanjani, hakupunguza kitu, maneno ya mnazi akayasema, ya kichwa kitupu akayasema mara mbili. Kisha akaketi mbele yangu.

"Sasa niambie, kijana. Umekuja hapa kama nani? Ukiwa mtani, koti ni lako, kofia yako, na hiyo kanga yako. Sikudai, ni haki yako, kunywa kahawa uende salama. Lakini mtani aliyenivua kofia mbele ya watu simwozi mwanangu. Ukiwa umekuja kama mkwe, mkwe hamtanii mkwewe hata siku moja, kwa hiyo utani hukuwa nao, na koti langu uliliiba. Chagua mwenyewe. Mtani au mwizi?"

Jamani. Mzee Shomari alikuwa amefunika uso. Nilimfikiria Zuhura, ambaye bila shaka yuko nyuma ya pazia anasikia kila neno. Nilikuwa nikimpenda, na nikaona kwamba nikitoka pale na koti zuri nitakuwa nimetoka na koti tu.

"Mwizi, baba," nikasema.

"Sikusikia."

"Mie mwizi."

"Basi mwizi vua."

Nikatoa kanga nikaikunja. Nikaivua kofia nikaiweka juu yake. Nikafungua vifungo kimoja kimoja, nikalivua koti la rangi ya maziwa, na nilipogeuka kumkabidhi Mzee Shomari alipitishe, nikawapa mgongo wote waliokuwa barazani. Halafu mmoja wa wale majirani akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo ni pasi?"

"Ni pasi, baba."

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Alijaribu kujizuia, ikamshinda, akacheka mpaka akakohoa, na mama yake naye akaangua, na baraza zima likafuata. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti ya Zuhura. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na hapo hapo, sijui niseme vipi, nilifurahi.

Mzee Kondo peke yake hakucheka. Alikung'uta kofia yake, akaivaa. "Mtani akichukua harudishi," akasema mwishoni. "Mwizi ukimshika anarudisha. Nitamwoza mwizi. Lakini sikiliza: kuanzia leo sie ni wakwe zako, na Mzaramo yeyote ni ndugu yangu. Nisisikie umemtania hata mmoja, hata akikuanza. Utamwamkia upite."

Nikaapa. Mtu aliyevaa shati la namna ile haombi kupunguziwa.

Nikajiapia na mwenyewe, na tangu siku ile sijavaa nguo ya mtu, hata kofia ya mvua, na ninyi vijana nawaambia nendeni kwa wakwe na mlicho nacho, hata kama mbuzi amekionja. Kiapo cha koti si kigumu. Kigumu ni kile cha utani, na nilikianza jioni ile ile nikirudi Temeke peke yangu, upepo unaingia mgongoni, maana habari ilikuwa imeshafika kabla yangu. Muuza kahawa mmoja, Mzaramo, rika langu kabisa, akaliweka birika lake chini ili anitukane vizuri. "Mnyamwezi!" akaita. "Mgongo wako umekwenda wapi?" Majibu yalinijaa mdomoni, mazuri, yangemlaza. Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikamwambia, "Shikamoo, baba."

Akanitazama, akaona sitanii, akajiweka sawa. "Marahaba, mwanangu," akasema.